Mgeni Asiyepita Uhamiaji

Sisi wa Kipawa, Dar es Salaam, hatuna haja ya kusoma ratiba ya uwanja wa ndege, tunaijua kwa masikio. Ipo ndege ya alfajiri inayotikisa mabati. Ipo ya mchana inayokukatiza maongezi, ukabaki umeshika simu sikioni na mdomo umeufumba, ukingoja ipite ndipo umalizie ulichokuwa ukisema. Ndugu akija kututembelea kutoka Mbagala au Tegeta hushtuka akatazama juu. Mtoto wa Kipawa hata kichwa hainui, anaendelea na mpira wake.

Kwa kuwa tumezungukwa na wasafiri, tumejipa na ubingwa wa habari za safari. Tunajua nani amerudi kutoka Dubai na mabegi mangapi. Tunajua Barabara ya Nyerere ikifungwa ghafla kuna mkubwa anapita. Tangu jengo la tatu la abiria lizinduliwe Agosti 2019, hata yule asiyewahi kupanda ndege maishani anaweza kukueleza wageni wanaingilia mlango gani na wanatokea wapi.

Jioni ya leo nataka tumzungumzie msafiri mmoja ambaye hapiti Uhamiaji, hapigwi muhuri, hana begi la kukaguliwa, na safari yake inawashinda karibu wote wanaoshuka hapa kwetu. Uzito wake ni gramu 25 hivi. Mweke kwenye mizani ya Mangi pale dukani, mshale unaweza usijue kama kuna kitu kimewekwa.

Ni ndege wa manyoya. Waingereza humwita wheatear, na vitabu vya sayansi vimemwandika Oenanthe oenanthe. Mimi kwa leo nitamwita kijindege wa mawe, kwa sababu mawe ndiyo maisha yake. Huzaliwa katika ufa wa jabali au chini ya jiwe, kwenye nchi ya wazi na milima mikavu ambako miti imeshindwa kuota. Jike hutaga mayai matano au sita ya buluu iliyopauka, huyaatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda nayo hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine. Hakuna muda wa kupoteza, maana majira ya joto ya kaskazini ya dunia ni mafupi na baridi ya huko haibishi hodi.

Hata sauti yake ni ya mawe. Dume ana wimbo wake wa haraka haraka, wenye mikwaruzo, ambao huuchanganya na vipande alivyovichukua kwa ndege wengine. Lakini mlio wake wa kila siku, ule wa kuonya na kujulisha kwamba yupo, ni mkavu. Ninazo hapa mezani kokoto mbili, nimeziokota nje kwenye kifusi cha jirani anayejenga. Sikiliza. Chak. Chak-chak. Sasa ukisikia hivyo porini na humwoni mtu anayegonga mawe, tazama juu ya jiwe lililo refu kuliko mengine. Yuko pale.

Makao yake ya kuzalia yameenea mno. Yanaanzia Alaska, yanavuka Urusi yote na Ulaya, yanafika Greenland na pembe ya kaskazini mashariki ya Kanada. Ni wachache sana miongoni mwa ndege waimbaji wenye eneo pana namna hiyo. Na baridi inapokaribia, hao wote, wa kutoka pande zote hizo, hufunga safari kuja Afrika, kusini ya Sahara. Yule wa Ufaransa anakuja Afrika. Yule wa Siberia anakuja Afrika. Hata yule wa Alaska, ambaye Marekani nzima iko chini yake na angeweza kuteremka tu, naye anakuja Afrika.

Hilo la Alaska kwa miaka mingi watu walilisema kwa kukisia. Mwaka 2012 ndipo lilipopata ushahidi. Watafiti walioongozwa na Franz Bairlein, wa taasisi ya utafiti wa ndege iliyoko Wilhelmshaven, Ujerumani, walichapisha matokeo yao katika jarida la Biology Letters. Waliwakamata vijindege hawa Alaska na katika Kisiwa cha Baffin nchini Kanada, wakamvisha kila mmoja kifaa mgongoni chenye uzito wa gramu moja na kitu, wakawaachia. Majira ya joto yaliyofuata wakarudi kwenye mawe yale yale kuwatafuta. Waliowapata tena, kifaa kikiwa bado mgongoni, walikuwa wachache: watatu wa Alaska na mmoja wa Baffin. Lakini watatu hao walitosha kutegua kitendawili. Walikuwa wamevuka mlango wa bahari wa Bering wakaingia Urusi, wakaikata Siberia, wakapita Asia ya Kati, wakavuka jangwa la Arabuni, wakaingia upande wa mashariki wa Afrika, kwenye nchi za Sudan, Uganda na Kenya. Kilomita 14,500 kuja, na 14,500 kurudi. Jumla ni karibu kilomita 29,000 kwa mwaka, wakati mzunguko wa dunia yenyewe kwenye ikweta ni kilomita 40,000. Kuja huku kuliwachukua kama miezi mitatu. Kurudi walikwenda mbio zaidi, chini ya miezi miwili, kwa sababu anayewahi kufika ndiye anayechagua jiwe zuri la kujengea.

Yule mmoja wa Baffin yeye alifanya ya kwake. Alijitupa juu ya Bahari ya Atlantiki, kilomita zipatazo 3,500 bila mahali pa kutua, akatokea Uingereza, kisha akateremka hadi Mauritania. Sisi tukivuka kwenda Unguja na boti ikicheza kidogo, tunaanza kusoma dua.

Naomba niseme neno juu ya kile kifaa, kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili atakielewa upesi kuliko wengine. Hakina laini ya simu, hakizungumzi na satelaiti. Kazi yake ni kuandika mwanga tu: pamekucha lini, giza limeingia lini. Lakini hebu fikiri. Sisi saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza, na saa sita mchana jua liko utosini. Kifaa kinahesabu kwa hesabu hiyo hiyo. Katikati ya macheo na machweo ndiyo saa sita ya pale ndege alipo. Ukiilinganisha saa sita hiyo na saa ya maabara, utajua amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani, kama vile ndugu yako aliyeko Muscat akikuambia kwao magharibi imeshaadhiniwa, unajua yuko upande gani wako. Halafu urefu wa mchana wenyewe unakuambia yuko umbali gani kutoka ikweta. Mchana wetu wa Dar es Salaam haubadiliki sana mwaka mzima. Mchana wa Alaska mwezi Juni karibu haufiki mwisho. Kwa hiyo mtafiti akikifungua kile kifaa anasoma siku baada ya siku, michana inavyobadilika, saa sita inavyohama, mpaka inatulia mahali. Hapo anasema: amefika.

Tena husafiri usiku, na husafiri peke yake. Kinda aliyezaliwa Juni hana mzazi wa kumwongoza Septemba. Anaondoka akiwa hajawahi kuiona Afrika, akiwa na dira aliyozaliwa nayo, na njia anaishika. Wataalamu wa ndege waimbaji wanaosafiri usiku wameonyesha kwamba hujielekeza kwa nyota, kwa sumaku ya dunia na kwa mwanga wa machweo.

Sasa utaniuliza, mbona Afrika? Meksiko iko karibu zaidi na Alaska kuliko Uganda. Jibu la wataalamu ni kwamba ndege huyu asili yake ni upande huu wa dunia. Barafu kuu ya zamani ilipoyeyuka, alisogea kidogo kidogo kuelekea mashariki, kizazi baada ya kizazi, mpaka akavuka kuingia Alaska. Makazi yalisogea, lakini njia ya kurudi ikabaki ile ile. Ukitaka kulielewa hili, muulize jirani yako Mchaga mwezi Desemba. Hapa Kipawa ana bahari karibu, Bagamoyo ni nauli ndogo tu, Zanzibar ni boti. Lakini tarehe 20 ikigonga utamkuta Mbezi, kituo cha Magufuli, watoto wanne, gunia la mchele kwenye buti, nauli imepanda na yeye anailipa huku akilalamika. Anakwenda Moshi. Umbali haumhusu. Ndiko kwao, na baba yake alikwenda, na babu yake alikwenda, na mwanawe aliyezaliwa Hospitali ya Amana naye atakwenda.

Hapa Kipawa kwenyewe msimtafute huyu kijindege. Pwani si mahali pake, kuna unyevu na majani marefu. Na hata angekuja, angewakuta kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wanaotuibia sabuni na kuchambua mifuko ya taka, si wenyeji wetu. Waingereza waliwaleta Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 wasaidie kusafisha mji, na badala ya kusafisha na kutulia wakavuka bahari wakaja bara. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mzee yeyote wa Kiwalani au Vingunguti atakuambia asubuhi za zamani zilikuwa na milio mingine.

Uwanja wa ndege nao una sababu zake za kutowataka ndege wa manyoya, na siulaumu. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria iliyopaa kutoka New York ilikumbana na kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikazimika, na rubani Chesley Sullenberger akaishusha juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 walipona, lakini dunia nzima ilielewa siku ile kwamba nyama na manyoya vinaweza kuangusha chuma. Ndiyo maana viwanja vya ndege hufukuza ndege na hupigia kelele majirani wanaomwaga taka hovyo.

Ukitaka kuwaona wageni hawa wa usiku wakipita kwa wingi, nenda jirani zetu Kenya, kwenye milima ya mawe ya Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi. Kuna hoteli ya watalii pale, juu ya mteremko. Ilipojengwa, ikawekwa taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Usiku wa Novemba na Desemba, ukungu ukishuka na mwezi usipokuwepo, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na zile taa, wakashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakienda pale kila msimu, wanatega nyavu, wanamvisha kila ndege pete ndogo mguuni yenye namba, wanampima, wanamwachia. Mpaka leo wameshavisha mamia ya maelfu. Wengi wa Ngulia ni ndege wa vichakani, jamii nyingine na huyu wetu, na wengi wao wanapita tu, wanakuja huku Tanzania na kuendelea kusini. Wewe umelala Kipawa na feni inazunguka, na juu ya nchi yako kuna msafara usioonekana wala kusikika.

Kijindege wa mawe mimi nilimwona barabara ya Namanga, mbele ya Longido, mwezi Januari. Gari lilikuwa limechemka, tukasimama lipoe. Ile nchi unaijua kama umewahi kupita: udongo mkavu, mawe yaliyotawanyika, miiba, mlima umesimama kando peke yake. Abiria wenzangu walikuwa wamesogea kwenye kivuli cha gari. Juu ya jiwe, hatua chache tu kutoka barabarani, alikuwapo ndege mdogo wa rangi ya mchanga, amesimama wima. Sikumtilia maanani mpaka aliporuka. Aliporuka, kiuno chote kilikuwa cheupe pe, na mkia una alama nyeusi mithili ya herufi T iliyopinduliwa. Akatua chini, akakimbia, hakurukaruka kama shomoro, alikimbia kwa miguu kama mtu aliyeitwa. Akasimama ghafla, akainama mara mbili, akatikisa mkia, akadona kitu. Mende mdogo wa porini, au siafu, sikuona vizuri. Akapanda jiwe jingine. Kila jiwe alilipa zamu yake, kisha akarudi la kwanza.

Alikuwa peke yake, na hiyo nayo ni tabia. Huku ugenini kila mmoja hushika kieneo chake na kukilinda, akimfukuza mwenzake anayesogea. Amesafiri kutoka bara jingine, na akifika anagombea mawe kumi na manane ya Longido kana kwamba ana hati.

Kijana mmoja mchunga mbuzi alikuja akasimama pembeni yangu. "Shikamoo, mzee. Unatafuta nini?" Nikamwambia namwangalia yule ndege. Akacheka. "Huyo? Huyo anakuja na kuondoka. Masika ikianza humwoni tena." Hakuwa na darubini wala kitabu. Lakini alikuwa amejibu swali ambalo watu wenye ofisi hawajawahi kuuliza, na nitalirudia baada ya muda mfupi.

Mbuzi wale pia wana sehemu yao katika habari hii. Kijindege wa mawe anahitaji majani mafupi, la sivyo hawezi kukimbia wala kuona mdudu. Uingereza katika miaka ya 1950 maradhi yaliua sungura wa porini kwa wingi, majani yakarefuka, na vijindege hawa wakapungua katika sehemu nyingi walikokuwa wengi. Zamani zaidi ya hapo, wachungaji wa Sussex walikuwa wakiwatega kwa mamia na kuwauza kwenye meza za matajiri wa miji ya pwani. Huku kwetu mfugaji hamli, na mifugo yake inamfyekea. Nasema haya kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mfugaji na mazingira hawapatani. Wakati mwingine wanapatana sana.

Huyu mgeni pia anao ndugu zake waliozaliwa hapa hapa. Kwenye miteremko ya mawe ya Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, yupo binamu anayeitwa kwa jina la Mjerumani Schalow, ambaye huwezi kumpata penginepo duniani. Katika nyanda za Ngorongoro na Serengeti yupo mwingine mwenye kofia nyeusi na mkanda mweusi kifuani. Na waliopanda Kilimanjaro, au wagumu wanaowabebea mizigo, wanamjua ndege wa kahawia anayezurura katikati ya mahema pale Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, akiokota makombo karibu na viatu vya watu bila woga wowote. Huyo naye ni wa ukoo huo huo wa mawe.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niombe dakika hizi.

Ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, mahali fulani ukishapita Mombo, ukianza kuikaribia Same, mazungumzo ndani ya basi hupungua. Watu wanatazama nje, wanaona mawe, miiba, ardhi nyekundu, mlima wa Pare umekauka upande huu. Utasikia mtu anasema: "Pori tupu hili." Nimewahi kulisema mwenyewe. Tunalisema pia Longido, tunalisema Singida, tunalisema Dodoma ya zamani. Na neno hilo huwa halikai kwenye basi tu. Linaingia kwenye makabrasha. Eneo likishaandikwa kwamba ni tupu, kila mwenye mradi anajua halina mwenyewe wa kuulizwa.

Watu wa Kipawa wanajua vizuri maana ya kuandikwa kwenye makabrasha. Sehemu ya mtaa wetu ilipotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, tathmini ilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wakaja kuhama zaidi ya miaka kumi baadaye, wengi wakielekea Pugu na kwingineko. Sitaki kufufua kesi ya nani alilipwa nini, hiyo ina wenyewe. Ninachotaka ukumbuke ni namna mthamini anavyofanya kazi. Anakuja siku moja na karatasi. Anahesabu vyumba, anahesabu minazi na miembe, anapima choo na kisima. Alichokikuta siku ile ndicho kilichopo. Mama aliyekuwa na meza ya mihogo pale kila jioni, mthamini akija asubuhi haioni meza. Meza haipo kwenye karatasi, na kisichokuwa kwenye karatasi hakidai fidia. Kila aliyepitia tathmini anaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana watu wa mtaani hukaa nyumbani siku mthamini anapokuja, hata kama ni kukosa kibarua.

Kijindege wa mawe hawezi kukaa nyumbani kumsubiri mthamini. Yule kijana alishasema, anakuja na kuondoka: anafika huku Oktoba. Kufikia mwisho wa Machi wengi wameshaondoka. Mtaalamu wa mazingira akipelekwa kwenye kilima cha mawe mwezi Julai, wakati barabara ni kavu na bajeti mpya imefunguliwa, ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakumwona. Ataandika kwamba eneo ni kavu, lina mawe, lina uoto hafifu, halina spishi ya kutajwa. Hatakuwa amesema uongo. Wakati huo ndege mwenyewe yuko Siberia, analisha makinda.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa, machimbo yakiwamo, ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo linalozipitia. Sheria ni nzuri. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 unaohusu wanyama wanaohama, maana yake tumekubali kwamba mnyama anayekaa kwetu miezi sita ni wetu miezi hiyo sita. Kilichobaki ni kalenda. Tathmini ya nchi kavu yenye mawe inayofanywa kati ya Aprili na Septemba peke yake inahesabu nyumba wakati wenyewe wamesafiri.

Najua kuna atakayenipigia kuniambia: mwandishi, wewe unaongelea ndege wa gramu 25, na vijana wanaponda kokoto wapate kula. Nakubali kwamba swali hilo ni halali. Nyumba yangu imejengwa kwa kokoto, na Dar es Salaam yote imejengwa hivyo. Malori yanayotoka machimbo ya Lugoba usiku na mchana hayabebi maua. Sisemi kilima chochote kisiguswe. Nchi hii ina mawe ya kutosha ndege na ya kutosha nyumba, kama tukijua ni lipi tunalochukua na nani alikuwa juu yake. Tena kijindege huyu hayuko katika hatari ya kutoweka duniani. Wanaopanga madaraja ya hatari wanamweka kwenye daraja la chini kabisa. Lakini katika nchi kama Uholanzi amepungua vibaya, na wenyewe wanatumia fedha nyingi kutengeneza upya nchi ya majani mafupi waliyoiacha ikapotea. Sisi nchi hiyo bado tunayo, na hatujalipia hata senti kuitunza, kazi yote inafanywa na ukame na mbuzi wa yule kijana.

Na kusema kweli sioni kwamba hoja ni huyu ndege peke yake. Ukimkosa yeye mwezi Julai, utakuwa umekosa pia wafugaji waliohamia kwenye malisho mengine, utakuwa umekosa maji ya msimu, utakuwa umekosa nyuki. Nchi kavu ina tabia ya kufunga duka na kufungua. Anayekuja mara moja akakuta pamefungwa hana haki ya kuandika kwamba hakuna biashara.

Basi ombi langu kwa wahusika wa NEMC na kwa halmashauri zenye nchi ya mawe, kuanzia Longido, Monduli, Simanjiro na Same mpaka Singida, ni dogo na halihitaji sheria mpya: msipokee tathmini ya eneo kavu lenye mawe kama ndege wake hawakuhesabiwa hata mara moja kati ya Oktoba na Machi. Na kwako msikilizaji uliye huko, sheria ile ile ya mazingira inakupa nafasi ya kutoa maoni mradi unapokuja. Mkutano ukiitishwa, nenda, na uliza swali moja tu: walihesabu mwezi gani?